Miguu ya Mbele ya Pijo

Chanika,
14 Juni 2025

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta umeamka vizuri, na goti la mama limetulia tangu mvua zilipokatika huko Kamachumu. Sie wa Chanika wazima, isipokuwa mie mwanao, ambaye fundi Mfaume anakaribia kunitia wazimu.

Ile Pijo yako 504, iliyokaa uani kwangu miaka sita tangu ajali, nimeamua kuifufua. Injini iliwaka siku ya pili. Tabu ni miguu ya mbele na usukani. Mfaume, mwenye gereji Temeke, aliniahidi wiki moja. Sasa inakwenda miezi mitatu.

Kwanza alileta bushi, zile raba za miguuni, za gari jingine, akataka kuzishindilia kwa nyundo. Nilipomkatalia akaniuliza kama shuleni nafundisha Jiografia au ufundi. Kisha akafunga shokapu mpya upande wa kulia tu, akidai ya kushoto bado inajitahidi. Nikimpigia simu ananiambia, "Mwalimu, nipo gereji hapa na gari lako," wakati mie mwenyewe nimesimama gerejini kwake namtafuta! Wiki iliyopita akanikabidhi gari kwa majigambo. Nikaendesha mita mia: gari linakwenda moja kwa moja, usukani umelala upande kama nakata kona. Nilirudi nikafoka mpaka mama ntilie wa jirani akaacha kupakua wali.

Kwa kuwa simwamini, nilikuwa nimemkataza kutupa kifaa chochote cha zamani. Jumanne akanimwagia vyote juu ya gunia. Akaokota ncha ya ile rodi inayounganisha usukani na tairi la kushoto, akaigeuzageuza. Sote tulidhani iling'oka kwa kugonga. Akanionyesha kwamba haikuvunjika wala kulika. Nati ilijifungua yenyewe ikadondoka, kwa sababu ile pini ndogo ya kuizuia haikuwekwa. Akauliza nani aliigusa mara ya mwisho.

Baba, ni mie.

Wiki mbili kabla ya ajali niliazima gari kwako, tairi likawa linacheza, nikalipeleka kwa fundi wa kando ya barabara Kurasini. Alibadilisha ile ncha, akasema pini hana, nirudi kesho yake. Nilikuwa na haraka ya kikao cha shule. Sikurudi. Nilikupa ufunguo nikakwambia gari liko sawa, kisha nikasahau kabisa.

Ulipoangusha kibanda cha chipsi cha Apolonia ukaishia mtaroni, ulituambia, "Usukani uliniacha." Ulisema mara tatu. Mie ndiye niliyewaambia wadogo zangu, Edgar na Loveness, kwamba hayo ndiyo maneno ya wazee macho yakiisha. Mie ndiye niliyekunyang'anya ufunguo mbele ya wajukuu. Hukubisha. Mwezi uliofuata ukahamia Kamachumu, na hujashika tena usukani wa gari lolote.

Jana niliwaita wadogo zangu nikawaeleza yote. Loveness alilia. Edgar akasema nikuandikie kwa mkono wangu, uwe na karatasi ya kumwonyesha kila aliyekucheka. Ndiyo hii. Macho yako hayakuwa na kosa.

Sasa pini zote zipo, nimezikagua mwenyewe kwa tochi. Ukitaka kunigombeza, nipigie. Nitasikiliza mpaka umalize. Kisha uniambie nikuletee gari lini.

Mpe mama pole ya goti, na uwasalimie wote utakaowasomea barua hii.

Ni mie mwanao, mwenye kosa,
Kokushubila