Nimefuta Jina Lako, Ouma

Ouma, omera, ndugu yangu,

Wiki ya sita tangu tukuzike Karungu, na bado nikikwama kidole kinatafuta namba yako kwenye simu. Safari hii nilikwama vibaya.

Ile programu uliyoandikia kliniki ya Kosele, inayowaonyesha wauguzi ni mtoto gani amefikia siku ya kuchukua dawa ili wamwite mzazi wake, ilianza kuruka majina. Sista Akinyi akanipigia: "Mwalimu, watoto wawili wamekosa dawa na hakuna aliyejua." Kosa lilikuwa mstari mmoja. Hata mimi, uliyezoea kuniita fundi wa kuharibu, nililirekebisha. Kuijenga programu upya, yaani kuyageuza maandishi yake kuwa kitu kinachofanya kazi, ndiko kulikonishinda. Kompyuta yangu ilijibu: amri haipatikani. Nikasakinisha zana inayotakiwa. Haipatikani. Mara tatu, omera, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba iliyohamwa.

Kumbe siku zote ilijengwa kwenye laptop yako tu. Na siku ya kugawa vitu vyako, mjomba wako wa Ogwedhi aliichukua pamoja na makoti mawili. Mimi nilipewa sweta, nikashukuru. Nilipompigia, ilikuwa imeshafutwa yote, watoto wake wanaitumia kutazama filamu.

Siku ya tatu ndipo nikasoma faili lako la ujenzi, lile la maagizo linaloambatana na programu, mstari kwa mstari. "Soma kwanza, japuonj, ndipo ulaumu mashine." Miaka yote uliniambia hivyo, ukiniita mwalimu kwa lugha yetu. Nikaona. Hukuiachia kompyuta itafute zana yenyewe; uliiandikia njia nzima, kupitia folda yenye jina lako. Kwako ilikuwepo. Kwingine kote, Ouma hayupo.

Nilicheka. Halafu sikucheka.

Nikafanya ujanja wa mvivu: nikaunda folda yenye jina lako kwenye mashine yangu, nikatia zana humo. Ikajengeka! Kwa nusu saa ulikuwa na makao hapa mezani kwangu, Migori. Lakini fundi wa Homa Bay, binti atakayeitunza programu baada yetu, alipojaribu kwake, ikagoma vilevile. Na mimi presha yangu unaijua. Nikifa, naye aje kutafuta jina langu?

Basi nimelifuta lako. Nimeacha jina la zana peke yake, na mahali ilipo nimepaongeza kwenye orodha ya folda ambamo kila kompyuta hutafuta amri zake. Kazi ya dakika mbili. Ilinichukua asubuhi nzima.

Sasa inajengeka kokote. Kosele wameipokea jana, wale watoto wawili wakatokea kwenye orodha ya dawa. Mmoja ameshapewa dawa. Wa pili amelazwa, hali mbaya, na mama yake anamwambia kila mtu kwamba ni yeye aliyesahau siku.

Kesho naenda wodini. Nitamwambia hakusahau; hakuna aliyemwita. Nitamwambia kosa lilikuwa letu, wewe uliyeliandika na mimi niliyechelewa siku tatu. Najua ungetaka niseme, ingawa ungenuna njia nzima.

Pumzika, omera. Nitamwambia.

Wako,
Japuonj