Nimesamehewa Kosa la Nondo

Nyololo, Jumamosi, Agosti 1972

Ukungu umeshuka mpaka kizingitini leo, na baridi ya Mufindi inapita hata kwenye blanketi mbili. Mume wangu, Baba Neema, ametoka alfajiri na gobore lake, yeye na kaka yake, kwenda bondeni kuwinda, na kwenye mkoba wake wa risasi kuna vitu nilivyoviweka mimi. Yeye hajui.

Naandika ili nisipige kelele.

Tangu mwezi wa sita mume wangu amepiga pongo watatu, na hakuna hata mmoja aliyefika chunguni. Pongo ni mnyama wa vichakani, mwekundu mwenye madoa meupe, hana ukubwa wa kumshinda mtu mwenye bunduki. Wa kwanza alidondosha damu kidogo akapotelea msituni. Wa pili walimfuata mpaka mtoni, alama zikaishia kwenye maji. Wa tatu walimkuta warina asali siku nyingi baadaye, ameoza, na tumboni ana tundu dogo limeingia huku likatokea kule, safi, utafikiri limetobolewa kwa msumari.

Mtu mwenye akili angeuliza habari za risasi. Hawa wakwe zangu wameuliza habari zangu.

Kwao, mnyama akipigwa sawasawa asife, basi mke wa mwindaji ana mwanamume mwingine. Yaani risasi ikitoka kwenye mtutu inasimama kwanza njiani kuulizia mambo ya nyumbani kwangu, halafu ndiyo inaamua iue au isiue! Na ni Walutheri hawa. Jumapili wanaimba kwaya kwa sauti zote nne mpaka machozi yanamtoka mtu, Jumatatu wanarudi kwenye hayo. Baba Neema akienda porini mimi sifagii uwanja, sisuki nywele, sitoi moto kwa jirani, sipeani mkono na mwanamume. Yote nimeyafuata. Nilipoolewa niliyaona ni mambo ya kuchekesha. Sasa sicheki.

Huyo mwanamume wangu wamemtafuta mpaka wamempata. Ni msimamizi wa elimu ya watu wazima, anayekuja kwa baiskeli kukagua darasa ninalofundisha kwenye baraza ya kanisa. Maskini, meno ya mbele hana, na akija anachouliza ni kama chaki zimetosha. Mama mkwe amewahi kutuona tumesimama tunaongea. Tangu siku hiyo wimbo wake ni mmoja: lisemwalo lipo, na kama halipo laja.

Wiki mbili zilizopita Shemeji Yeremia, kaka mkubwa wa mume wangu, alikuja akakaa bila hata kuvua kofia. Hakutoa hata salamu ya "kamwene". Alisema, "Shemeji, nyama anapigwa, hafi. Sisi siyo watoto. Humu ndani kuna nini?" Nikamwambia humu ndani kuna nondo. Hakunielewa, au alinielewa akaona ni ufidhuli. Akatamka kwamba Baba Neema atatoka mara moja tu tena. Mnyama asipolala, kesho Jumapili baada ya ibada wazee wanakaa, na mimi narudishwa kwetu Kilolo.

Neema atabaki. Mtoto ni wa ukoo, ndivyo alivyosema, kama mtu anayetaja bei ya sukari. Ana miaka miwili. Bado analala ameshika sikio langu.

Mume wangu alikuwepo. Aliangalia viatu vyake.

Niseme habari ya nondo, maana hapo ndipo penye ugonjwa wote. Zamani Baba Neema alikuwa na risasi za kuyeyushwa alizoachiwa na marehemu baba yake, na alikuwa anaua vizuri tu. Zilipokwisha, rafiki yake anayefanya kazi kwenye ujenzi wa reli kule Makambako akampa kipande cha nondo, chuma kile cha kutia kwenye zege. Akakikata kwa msumeno vipande vipande, kila kimoja urefu wa kiungo cha kidole, akafurahi kama mtoto. Chuma kigumu, alisema, ndicho cha kuulia. Kila mtu hapa aliitikia, maana kwa kusikia tu inaonekana kweli.

Si kweli. Baba yangu alikuwa na gobore pia, na mimi ndiye niliyekuwa namchochea moto akiyeyusha. Risasi halisi ni laini. Ikimgonga mnyama inabonyea, inafunguka, inavunja mfupa na kubaki humo humo na nguvu zake zote. Nondo haibonyei. Inapita kama mgeni asiyetaka chai, inaacha tundu jembamba, na mnyama anakwenda kufia mbali au hafi kabisa. Isitoshe, nondo haikai sawa kwenye mtutu. Hata ukiizungushia kitambaa, moshi na nguvu ya baruti vinapenya pembeni, na yenyewe inatoka inapinduka pinduka. Nilimwambia mume wangu haya mara mbili. Mara ya kwanza alicheka. Mara ya pili akaniuliza tangu lini mwanamke akafundisha kuwinda. Mbaazi ukikosa maua husingizia jua, na hapa jua ni mimi.

Basi nikafanya.

Kwenye gereji ya barabara kuu nilipata vichwa vya betri mbovu za malori, ambavyo ni risasi tupu, fundi akanipa kwa mayai. Jumanne, Baba Neema akiwa shambani, nikaviyeyusha kwenye kopo nyuma ya jiko, nikamimina kwenye vipande vya mwanzi mkavu. Lazima uwe mkavu kabisa, ukiwa na unyevu hata kidogo risasi inakurukia usoni. Moja ilinirukia mkononi, nikamwambia mama mkwe ni uji. Nilizisugua kwenye jiwe mpaka zikalingana na vile vya nondo. Juzi mume wangu alipokwenda kunywa pombe ya komoni, niliteremsha mkoba wake kutoka nyuma ya mlango, jambo ambalo mwanamke haruhusiwi, nikatoa nondo zote tatu, nikaweka zangu tatu, nimezifunga kitambaa kilekile cha kaki na uzi uleule. Zangu mbili nyingine nimezificha. Risasi ni nzito kuliko chuma, mkono makini ungejua. Nilitegemea vidole vilivyokufa ganzi kwa baridi ya alfajiri.

Nilijiona mjanja kweli.

Leo asubuhi, alipokwisha kutoka, nimeokota kopo la baruti aliloliacha nyumbani nikalitikisa. Limebaki chini kabisa. Nikashangaa baruti yote imekwenda wapi, maana hajapiga sana. Kisha nikakumbuka alivyomwambia kaka yake baada ya pongo wa tatu: sasa ataongeza dawa mpaka mnyama apasuke. Anaongeza baruti. Kwa nondo inayolegea mtutuni haina neno, nguvu nusu inavuja. Lakini risasi yangu imekaza. Haivujishi kitu. Baruti nyingi nyuma ya risasi inayokaza, kwenye bomba kuukuu lililofungwa waya, nguvu hiyo itatokea wapi? Baba alimzika rafiki yake aliyepasukiwa na mtutu kwa jambo hilihili. Walimfunika uso.

Nimetaka kukimbia bondeni. Mama mkwe amekaa mlangoni anapukuchua mahindi, amewekwa hapo anilinde. Nimemwambia nataka kutoka. Amejibu bila kuinua macho: "Mwanamke anayetoka mume akiwa porini anamwita nani?" Kumweleza ni kumwambia kwamba niligusa mkoba. Nimerudi ndani. Nimekaa. Namwangalia Neema anachezea kibao cha chapati na ninajiuliza nitamwambia nini akikua, kwamba mama yako alimuua baba yako kwa kutaka kubaki nawe?

Mungu wangu, nampenda yule mtu. Ni mwoga na nampenda.

Mlio umesikika sasa hivi, ukungu ukianza kupasuka. Mmoja tu, mzito, umerudi mara mbili kwenye milima. Mama mkwe ameacha mahindi. Hakuna kelele nyingine, hakuna anayeita. Siwezi kuendelea kuandika.

Jioni

Yuko hai.

Niliwaona wanapanda kutoka bondeni, watu wawili na mti mabegani, na sikuangalia kilichoning'inia kwenye mti. Nilihesabu vichwa. Baba Neema alikuwa na shavu jeusi kwa baruti, unyusi mmoja umeungua, na bega la kulia hawezi kuliinua. Alikuwa anacheka. Nilikaa chini palepale mlangoni.

Shemeji Yeremia alianza kusimulia kabla hajatua mzigo. Pongo alitokea kwenye majani kunywa maji, ndugu yake akapiga, moshi ukafunika kila kitu, na moshi ulipoondoka mnyama alikuwa amelala. Hakukimbia hata kidogo. "Nilidhani tumemkosa," alisema, "kumbe yuko chini kimya." Mama mkwe akapiga vigelegele mpaka majirani wakatoka.

Nilishika beseni wakati wanachuna. Tundu la kuingilia lilikuwa dogo begani. La kutokea hakuna. Bega la pili lilikuwa limevunjika ndani, mapafu yote damu. Mume wangu alipitisha kisu chini ya ngozi ya upande wa pili, kikagonga kitu, akakitoa kwa vidole. Risasi yangu. Imebonyea na kufunguka kama kofia ya uyoga, inang'aa kwa ndani. Nondo haiwezi kuwa hivyo hata ukiipiga nyundo siku nzima, na hakuna mwindaji asiyejua hilo akiona.

Aliiangalia. Akaniangalia mimi, na mkono wangu wenye kidonda cha moto. Akaelewa yote kwa mara moja, nilimwona anavyoelewa. Nikangoja aseme.

Akafumba kiganja, akaitia kwenye mfuko wa koti.

Shemeji alikuwa ananoa kisu chake, hakuona. Akasema, "Mnaona? Nyumba ikitulia, nyama analala." Mama mkwe akaja akanishika shingoni, analia, anasema alijua tu kwamba nitaacha. Nitaacha! Mnyama alipokuwa hafi nilikuwa malaya. Mnyama amekufa, basi nilikuwa malaya nimetubu. Hakuna mlango wa tatu.

Halafu mume wangu akasimama mbele ya majirani, akakata ini bado lina moto, akaniletea kwenye sahani kwa mkono wake mzima. "Mama Neema," alisema, "yaliyopita yamepita. Nimekusamehe."

Sijawahi kupigwa na yule mtu. Leo nimejua inavyouma.

Nilimwambia sina cha kusamehewa. Nilimwambia mbele yao wote, "Waonyeshe ulichokitoa begani." Shemeji akauliza, "Kitu gani?" Mume wangu akasema, "Hakuna kitu. Kipande cha mfupa." Mama mkwe akachukua ile sahani ili nisiiaibishe nyumba, akambandika Neema mapajani, akamchomea lile ini na kumlisha. Mtoto alikula kwa mikono miwili akaomba tena.

Walipoondoka majirani mume wangu alinifuata chumbani. Nilidhani anakuja kuomba radhi. Alikaa kwenye kona ya kitanda, bega linamuuma, akanong'ona: "Zimebaki ngapi?"

Nilicheka. Nilicheka vibaya, mpaka akaniambia nipunguze sauti. Nikamwambia mkobani zimebaki mbili, nilizoficha ni mbili, na kichwa cha betri kimoja, na zaidi ya zile za mkobani hatapata hata tone mpaka aseme ukweli mbele ya kaka yake na mama yake. Aseme nondo ndiyo iliyoshindwa kuwaua wale pongo watatu. Aseme mke wake hakuwa na mtu. Alisema nikitangaza kwamba niligusa mkoba wake watanirudisha Kilolo siku hiyohiyo, hilo nalo ni kosa, tena kubwa. Nikamwambia najua. Nikamwambia pia kwamba akipakia risasi yangu na baruti ile tena, Neema atakosa baba, apunguze nusu, sitaki kumzika hata kama namchukia. Aliitikia kwa kichwa kama mwanafunzi. Hapo nikajua kwamba ananiamini kabisa, aliniamini tangu alipoiona ile risasi. Anaona haya tu. Anaona haya kuliko anavyonipenda.

Nimempa mpaka kengele ya kanisa kesho.

Sasa yuko nje, anasafisha mtutu kwa maji ya moto na mkono mmoja. Anaona taa yangu, anajua naandika. Mara mbili amesimama kama mtu anayetaka kuingia, akakaa tena.

Kesho Shemeji anataka baada ya ibada tukae wote tushukuru kwa amani iliyorudi nyumbani. Baba Neema asiposema, nitasimama mimi. Nitasema niligusa mkoba, niliyeyusha risasi, na sikulala na mtu. Watakalofanya watafanya. Ninaogopa, sitajidanganya. Ningeweza kunyamaza, nikawa mke aliyesamehewa, nikabaki na mtoto wangu, na wanawake wangapi wamefanya hivyo na maisha yakaenda? Lakini Neema atakulia hapa. Siku moja na yeye mume wake atakosa mnyama.

Nitasimama nikiwa nimemfunga mgongoni, ili atakayetaka kumchukua aanze kwanza na mimi. Amekuwa mzito siku hizi. Nitambeba hivyo hivyo.