Anayekuja Nikipika Kuku wa Kusaga

Alhamisi, Mabanga. Jua limewaka tangu asubuhi, mahindi ya jirani yamesimama wima bila hata jani moja kutikisika, lakini ndani ya nyumba hii kuna baridi. Naandika nikiwa nimeketi nje kwenye ngazi ya jikoni, sweta mwilini, simu mkononi. Leo nimeogopa mchana kweupe. Sikujua mtu mzima anaweza.

Kwa mgeni wa blogu hii: niko Mabanga, Bungoma, kwa mama mkwe wangu, mama yake Wafula. Mimi na Wafula tunaishi Kitale na binti yetu, Nekesa. Wazazi wangu walihamia huko kutoka Nyeri kabla sijazaliwa, kwa hiyo mambo mengi ya huku bado najifunza kwa kujikwaa.

Mama alipata kiharusi kidogo. Mkono umerudi, mdomo umerudi, lakini daktari alituvuta kando akasema bila kuzunguka: akiendelea na ile nyama ya ng'ombe yenye mafuta, kiharusi cha pili kitamchukua. Awekwe kwenye nyama nyeupe. Kuku, bila ngozi.

Wafula alicheka. Si kicheko cha furaha.

Mama hali kuku. Hajawahi, tangu azaliwe; kwa wanawake wa zamani huku ni mwiko. Wanawake wa rika lake huku walifuga kuku, wakawachinjisha, wakawapika, wakawapeleka mezani kwa wanaume na wageni, na wao wakala mboga. Siku wazazi wangu walipokuja kutambulishwa, Mama ndiye aliyepika kuku, na chumvi aliipima kwa kiganja kwa sababu kuonja mchuzi ni sawa na kula. Wanawake wadogo siku hizi wanakula bila wasiwasi, hata shemeji zangu. Mama hapana. Mama yake hakula, akafa hajala, na yeye atafuata.

Tulijaribu kumweleza. Alinisikiza kwa heshima zote, kisha akasema, "Mama Nekesa, kama ni ng'ombe itaniua, wacha iniue. Si nilishazeeka? Lakini kuku sikuri." Samaki anamwogopa kwa ajili ya miiba, maana haoni vizuri. Maharagwe anayala, ila siku ya tatu anaanza kunung'unika kwamba anafungwa bila kesi.

Macho yake yana mtoto wa jicho, yote mawili. Kikombe na kifuniko cha sufuria havitofautishi mpaka avishike. Hapo ndipo Wafula alipopata wazo, na mimi, kwa hofu ya kumzika mwanamke ninayempenda, nikalikubali haraka. Tusage. Kuku akisagwa hana paja wala bawa. Ni nyama tu.

Huku Mabanga sikuthubutu, bucha zote zinamjua Mama. Nilirudi Kitale. Nilinunua vifua vitupu, nikavua ngozi, nikakata kila uzi wa mafuta niliouona, nikampelekea jamaa wa bucha tunayozoea. Alikiangalia kile kifurushi kama nimemletea paka. "Madam, hii mashine inajua ng'ombe tu," akasema. Nilimfanya aifungue yote aioshe kwa maji moto kwanza. Aliosha akilalamika ati kuku ni ya kutafuna, bana, kwani nani ameng'oka meno. Nikarudi Mabanga na ndoo ya barafu yenye pakiti ndogondogo, nikazijaza kwenye friji ya Mama chini ya sukuma wiki.

Kuku wa kusaga asiye na mafuta ana tabia mbili mbaya: anakauka, na anabaki mweupe. Weupe si shida kwa mtu asiyeona, lakini mimi nilijisikia vizuri zaidi nikificha vizuri. Nilikaanga vitunguu mpaka vikawa kahawia kabisa, nikaweka nyanya, nikakwangua karoti ili ishike maji, nikaivunjavunja ile nyama kwa mwiko, nikaongeza maji kidogo, nikafunika. Mapema nikaepua. Majani ya dania juu. Ugali wa wimbi pembeni, na mboga ya saga iliyolala kwenye maziwa.

Mama alikula. Akalamba vidole. Akauliza ng'ombe gani huyu ambaye hakuzeeka.

Nilienda nyuma ya nyumba nikalia, kwa furaha na kwa aibu.

Siku iliyofuata nilipika tena. Alitafuna tonge la kwanza, akaacha kutafuna, akageuza uso kuelekea mlango wa uani. "Kuna mtu," akasema. Nikatoka kuangalia. Hakukuwa na mtu. Kulikuwa na kuku wake tu, wamekusanyika mbele ya mlango kimya. Mtu aliyefuga kuku anajua kwamba kuku hawakai kimya.

Siku ya maharagwe hapakuwa na lolote. Niliporudia nyama, akatazama mlangoni tena, na mara hii akaniambia ni nani. "Ni mama yangu. Amesimama tu hapo." Nikamuuliza amejuaje na macho yale. Akanieleza kitambaa cha kichwa cha rangi ya udongo, gauni la kanisani lililoshonwa begani, miguu mitupu yenye vumbi. Mwanamke ambaye asubuhi hiyo hiyo alipapasa meza nzima akitafuta kijiko kilichokuwa mbele yake.

"Anakujanga tu wakati umeleta hii nyama," akasema. "Ya maharagwe hakuji. Na haniangalii mimi. Anaangalia sahani."

Mimi ni mtoto wa kanisa. Najua dawa za presha zinaweza kumfanya mtu aone vitu, na nilimpigia daktari, akasema inawezekana, tumfuatilie. Nilimshukuru. Lakini daktari hakuwaona wale kuku. Kila nikipeleka ile sahani, wanakuja mlangoni, wanajipanga huku na huku, na katikati wanaacha nafasi. Nafasi ya upana wa mtu. Jogoo mmoja anayependa kukimbia ndani kuiba ugali hufika penye ile nafasi akaizunguka.

Nilijiambia kwamba yule marehemu amejua. Amekuja kumlinda bintiye dhidi ya mkamwana mwongo aliyemlisha mwiko.  Nikajaribu kumwambia Wafula, aliyebaki Kitale, kwa simu, naye akasema, "Si uendelee tu? Presha imeshuka, ama?"

Imeshuka, ndiyo. Uso wa Mama umenawiri. Jana alitembea mpaka kwenye zizi bila fimbo. Hicho ndicho kinachonikaba. Nikisema ukweli, ataacha kula, atarudi kwa ng'ombe, na tutamzika. Nikinyamaza, yule wa mlangoni ataendelea kuja.

Leo nilishindwa.

Nilimwekea chakula, nikaketi karibu naye badala ya kurudi jikoni. Kuku walikuwa wamefika tayari. Baridi iliingia kutoka uani, kwenye jua lile, ikanipita miguuni. Nikamshika Mama mkono nikaanza, "Mama, kuna kitu kuhusu hii nyama nataka—"

"Nyamaza kwanza," akasema. "Anaongea."

 Mama aliinamisha kichwa upande wa mlango kama anavyofanya redio ikikwaruza. Alisikiliza muda mrefu. Sikusikia chochote, hata ng'ombe wa jirani. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, nikadhani ni kiharusi kimerudi, nikasimama. Alikuwa anacheka.

"Anasema hakujua kuku ni tamu hivi."

Hakuna mtu aliyewahi kutamka neno kuku kuhusu chakula kile katika nyumba hii tangu nianze kupika. Tulikuwa tunasema nyama. Hata kwa simu nilikuwa natoka mpaka barabarani.

Nilingoja asukume sahani. Nilingoja atapike, anilaani, anifukuze. Mama alichota tonge lingine, akalitumbukiza kwenye mchuzi, akatafuna polepole, akameza. "Anasema harufu tu imemtoa huko mbali," akaendelea. "Kupika kuku miaka hiyo yote, na hata kijiko hakulamba. Sasa unangoja nini? Rete sahani ingine. Mgeni anasimama mlangoni kama mtu wa kuomba?"

Nikaleta. Nikapakua kwenye sahani ndogo, nikaiweka mbele ya kiti cha upande wa pili, nikakivuta kiti nje kidogo ili mtu aweze kuketi. Pale mlangoni kuku wakasogea, ile nafasi ikazibika. Wakaanza kulia na kuparua kama kuku wa kawaida.

Mama akageuza macho yake kutoka mlangoni hadi kwenye kiti.

"Anasema haina chumvi," akasema.

Nikamkumbusha kwamba chumvi daktari alikataza.

"Alikataza mimi. Yeye ana presha?"

Nikaenda kuleta chumvi.

Nilipomsimulia Wafula, alicheka mpaka akakohoa. Anasema Mama amenishinda akili. Kwamba alijua ni kuku tangu tonge la kwanza, mwanamke aliyepika kuku maisha yake yote atapotezwaje na harufu yake? Kwamba alitaka kuishi, na alihitaji ruhusa, na ruhusa hiyo haingeweza kutoka kwangu wala kwa daktari, ni kwa mtu mmoja tu. Ni maelezo mazuri. Nayaamini karibu yote. Ningeyaamini yote kama nisingekuwa nimeona mahali wale kuku walipoacha nafasi.

Sahani ndogo niliiondoa baadaye ikiwa imejaa vilevile nilivyoipakua. Nilishukuru Mungu. Halafu, nikiwa kwenye karai la vyombo, huzuni ikanijia, ile ya mwenyeji ambaye mgeni wake ametoka mbali na hakula. Nimemfikiria yule mwanamke jioni hii zaidi kuliko ninavyomwogopa. Alinusa tu, hadi anaingia kaburini. Na siku anayokaribishwa mezani kwa mara ya kwanza, anapewa kifua kisicho na ngozi, kimesagwa, kimefichwa ndani ya karoti.

Kwa hiyo nimeamua. Mama ataendelea na chakula chake cha mgonjwa. Lakini kesho asubuhi nitaomba jirani anichinjie mmoja wa hawa wa uani, na huyo sitamsaga. Paja zima, na mfupa, na ngozi yake, mafuta yakielea juu ya mchuzi, nitaliweka mezani mbele ya kile kiti. Yeye mafuta yatamfanya nini?