Mbuzi wa Msingi

Chang'ombe, Jumatano usiku

Eti wazee waliotangulia wamesharidhia! Leo tajiri kachinja mbuzi kiwanjani ili ardhi itupokee vizuri. Nikamuuliza kama amemtaarifu mkaguzi wa usalama kwamba kesho tunaanza kuchimba msingi. Akacheka.

"Fundi, siku hizi kila kitu ruksa."

Ghorofa, kwenye udongo ule wa kichanga! Mtaro utazidi kimo cha mtu, na hajanunua hata ubao mmoja wa kuzuia kingo. Mkaguzi akija atatusimamisha, ndiyo maana hataki ajue.

Nikienda kumwambia mimi, vibarua wote watakosa kazi. Nikinyamaza…

Wa kwanza kushuka mtaroni ni shemeji yangu. Kazi nilimwombea mimi. Jioni kaniletea mguu wa yule mbuzi, kunishukuru.

Sijaugusa.