Msichana wa Buluu Dirishani

Shikamoo Shangazi,

Hili sijamwambia mtu mwingine. Kwenye dirisha la studio ya picha ya hapa mtaani kuna picha ya msichana aliyepakwa rangi ya buluu kuanzia paji la uso hadi shingoni. Ni mimi.

Mpiga picha, dada mmoja mpole, alinipaka kwa brashi laini nikakukumbuka. Kabla hujahama ulikuwa ukinipaka unga usoni pale jikoni, unanimulika kwa tochi na kusema, "Tulia, malkia." Yeye alishika taa yake ya flashi karibu na shavu langu, na kwa mara ya kwanza sikuinamisha kichwa.

Jana nilipita pale na Mama. Akasimama.

"Mtoto wa watu ana macho huyu. Si wewe, mgeni akibisha hodi unajificha chumbani."

"Kweli, Mama."

Tukaondoka, kisha akarudi kuitazama tena.

Tafadhali Shangazi, usimwambie wifi yako. Nataka anisifu kidogo zaidi kabla hajajua ni mimi.

Mwanao,
Bi Kimya