Muange Amempasua Alfani Mdomo kwa Ajili ya Node

Zainabu shoga, hapa ofisini Ukunda damu imemwagika. DAMU. Kwa sababu ya kompyuta!

Tangu asubuhi Alfani alikuwa akiiweka kwa mkono, amri baada ya amri, ile programu ya kubadilisha matoleo ya Node, mtambo unaoendesha tovuti zao. Akamaliza mstari wa mwisho, adhana ya Ijumaa ikalia, akavaa kanzu, huyoo msikitini. Dirisha jeusi la amri akaliacha wazi.

Muange, yule mshirika wake, akakaa akaandika jina la programu kwenye dirisha lile lile. Kompyuta ikajibu haiijui. Akarudia. Haiijui!

Alfani aliporudi, hata salamu hakuimaliza. Muange alimkunja kanzu kifuani, akamtwanga ngumi ya mdomo. "Unatubeba ufala! Hujaweka kitu!"

Ngumi, wallahi! Kanzu nyeupe yote damu.

Alfani hakurudisha. Alilifunga lile dirisha la zamani, akafungua jipya, akaandika jina lile lile. Ikaitika papo hapo. Ilikuwamo muda wote, ilitaka dirisha jipya tu; lililofunguliwa kabla haliioni!

Muange akaanza, "Pole, bro..."

Alfani akaandika mstari mmoja, akaifuta programu yote. Akajipangusa mdomo.

"Sasa ndiyo haimo. Haya, nipige."