Mwanetu Ameinuka

Hospitalini, Managua
Jumatano asubuhi

Dada yangu mpenzi Melba,

Pokea salamu zangu na za wote wa nyumbani Estelí. Natumai barua hii itakukuta mzima huko Alajuela, wewe na watoto, na kwamba goti lako limepoa na yule mama unayemfanyia kazi ameacha kukuita Jumapili. Ukituuliza sisi, siku zote huandika kwamba hatujambo. Leo siwezi. Mwanangu Yader yu hai. Nimelitanguliza hilo ili usiruke mistari ukilitafuta, maana nakujua. Yu hai, lakini hajafumbua macho tangu Jumapili jioni, na madaktari wanatuambia neno moja tu, tusubiri.

Najua jirani yetu Chepita alikupigia simu kwa tajiri wako akakuambia kijana amepigwa na mpira, ukalia mpaka laini ikakatika. Mimi sikupiga. Simu ya hapa imetundikwa ukutani karibu na mlango wa wodi, na Evenor ana masikio ya popo. Ninayotaka kukuambia hayafai kusikiwa naye. Binti wa Chepita anapanda basi la huko kesho, ndiye atakayekuletea.

Unakumbuka nilipomleta Evenor nyumbani mara ya kwanza ulisema naolewa na kasuku aliyevaa suruali. Siku ya harusi ukamtaka atangaze ukataji wa keki kama mechi ya besiboli, naye akatangaza, mama akacheka mpaka akakimbilia uani. Tangu hapo umekuwa ukiniuliza kama kasuku ameshaongezewa mshahara. Sikukasirika, kwa sababu hata mimi nilidhani kazi yake ya kutangaza mechi redioni ni mdomo. Nimeishi na kazi hiyo miaka mingi sasa, na kwa kuwa hujawahi kuniuliza, nakuambia bila kuulizwa: mdomo ndio kitu kidogo kabisa. Kuna vijana kwenye redio nyingine wana sauti nzito kama kengele ya kanisa kuu, unawasikiliza mchezo mzima na hujui nani anaongoza.

Evenor husema yeye huongea na mtu mmoja tu. Ni mwanamke aliye jikoni, ameipa redio mgongo, mikono imejaa unga, hana nafasi wala nauli ya kwenda uwanjani. Kazi ya mtangazaji ni kumtia mwanamke huyo mpira machoni bila yeye kugeuka. Tena husema kuna mtu anayefungua redio sasa hivi, ametoka shambani au kazini, na asijione mgeni. Ndiyo maana hurudia matokeo kila wakati, tuko awamu ya ngapi, nani anaongoza, nani ameshika gongo, mpaka mimi humjibu huku nyumbani, "Tumesikia, baba, tumesikia!" Na hanyamazi zaidi ya kumeza mate, kwa sababu mtangazaji akinyamaza yule mwanamke atadhani betri zimekwisha, aanze kuipiga redio makofi.

Uwanjani kwetu kwenyewe watu huenda na redio. Wamelipa kiingilio, wamekaa, wanaona kwa macho yao, lakini redio iko sikioni. Mpira haujadakwa mpaka Evenor aseme umedakwa. Nilikuwa nikiwacheka. Sasa siwacheki tena.

Yader alipochaguliwa kurushia mpira timu ya mji, nilifikiri nitamsikia baba mtu akimpamba. Wapi! Hewani alimwita Rugama kavu kavu, kama alivyowaita wengine kwa majina ya baba zao. Siku moja akatangaza kwamba Rugama anarusha kama anayemwaga maji ya kuoshea vyombo. Jioni hiyo nilimpakulia maharage ya baridi. Akayala, akaniambia, "Nidia, nikimwita mwanangu mara moja tu, siku nitakayosema amerusha vizuri nani ataniamini?" Yader alicheka, akamwambia baba yake yale maji ya vyombo yalikuwa machafu kweli. Walikuwa wakipendana kwa namna hiyo yao ya kutukanana, na mimi nilikuwa hakimu.

Jumapili nilikuwa nafunga nacatamal za kuuza Jumatatu, unga wa mahindi na nyama umenijaa mikononi. Chepita alikuwa akipangusa majani ya mgomba na kumsengenya padri. Awamu ya nane, tulikuwa tunaongoza tatu kwa mbili, Yader anarusha, na aliyeshika gongo ni yule bonge la mtu wa Chinandega anayeitwa Ovidio. Evenor akasema Rugama anatazama ishara ya mdakaji, anakubali, anarusha. Nikasikia gongo. Nikasubiri aseme mpira umekwenda wapi.

Hakusema. Chepita akaacha jani, akaipiga redio kofi, akaipiga tena. Nikamwambia aiache, betri nimenunua jana. Kisha Evenor akarudi, sauti imeshuka, bila pambo hata moja, akasema mpira umempata Rugama kichwani, ameanguka. Akanyamaza tena. Halafu akasema hivi, na maneno haya nitayakumbuka mpaka naingia kaburini: "Anainuka. Mwanetu ameinuka. Amesimama, anapangusa suruali, anapunga mkono." Na nyuma yake nikasikia uwanja mzima ukipiga makofi.

Hakuinuka, Melba. Alikuwa amelala palepale, mkono mmoja chini ya kifua, daktari wa timu amepiga magoti kando yake.

Ulises, yule anayekaa na Evenor kwenye kibanda cha matangazo, alinisimulia Jumatatu hapa koridoni. Anasema watu wote walikuwa na redio masikioni, wanamtazama kijana yuko chini, na wanamsikia baba yake akisema amesimama. Wengine waligeuka kukitazama kibanda, wakadhani mzee amerukwa na akili. Kisha mtu mmoja upande wa jua, muuza karanga, akamwambia jirani yake, "Anaongea na mkewe, jamani." Akaweka beseni chini akaanza kupiga makofi. Likapita neno hilo safu kwa safu, nao wakapiga wote, hata wale wa Chinandega, hata Ovidio, ambaye alikuwa amepiga magoti kwenye vumbi analia. Waliyapiga wakiwa wamekigeukia kibanda ili kipaza sauti kiyachukue. Evenor akamsukumia Ulises kipaza sauti, akashuka ngazi mbio.

Sasa sikiliza yaliyofuata, ndiyo yanayotuua. Kwenye hospitali ya Estelí Yader alizinduka. Alizinduka kabisa, akamtambua baba yake, akalalamika kichwa kinamuuma, akauliza kama yule Ovidio alifika kituo cha kwanza. Kisha akauliza mama yuko wapi. Evenor akamwambia anakuja, gari la redio limeshakwenda kumchukua. Akauliza tena. Evenor anasema aliuliza mara nyingi, na kila mara maneno yakizidi kuwa mazito mdomoni, mpaka akawa anasema "ma" tu. Madaktari walisema damu inavuja ndani, lazima aletwe Managua kupasuliwa. Nilipofika walikuwa wanampandisha kwenye gari la wagonjwa. Nilimshika mguu. Mguu ulikuwa na joto, lakini mwenyewe alikuwa ameshanyamaza.

Tangu hapo Evenor hana amani. Anasema ni uongo wake. Anasema angeniambia kweli ningetoka mbio na unga mikononi, ningemkuta mwanangu anaongea. Amemwambia mkuu wa redio atafute mtu mwingine, hatagusa tena kipaza sauti maisha yake yote. Ulises amemsihi, mkuu amekuja mwenyewe na kofia mkononi, yule muuza karanga amesafiri kwa basi kutoka Estelí kuja kumwambia kwamba alifanya vyema. Anawatazama tu. Juzi alipiga magoti mbele yangu hapa hapa kwenye vigae, watu wakipita, akaniomba msamaha.

Nami nikampa. Nimempa msamaha, dada, mtu asiye na kosa!

Kwa sababu mimi nilijua. Hilo ndilo lililonifanya nimwombe nesi karatasi. Nilijua kabla makofi hayajakwisha. Mtu ambaye hajamwita Yader mwanangu hewani hata siku moja, leo anasema mwanetu, wa kwake na nani, wakati amekaa kibandani na wanaume tu? Halafu zile tarumbeta. Unawajua wapiga tarumbeta wa uwanja wetu, walevi wale, mchezaji wetu akijikwaa tu akasimama wanapuliza mpaka mbwa wanalia. Jumapili hawakupuliza. Yalikuwa makofi matupu, hakuna kelele, hakuna kicheko, kama watu wanaosindikiza jeneza la mtu waliyempenda. Chepita alinikumbatia akasema ashukuriwe Mungu, ameinuka. Nikasema ashukuriwe.

Nikaendelea kufunga. Don Wilfredo, dereva wa redio, alifika na gari, akasimama mlangoni akizungusha ufunguo, akasema nimetakiwa hospitali, ni kwa ajili ya kumtazama tazama tu kijana, hakuna neno. Hajui kudanganya hata kidogo, uso wake ulikuwa kama jivu. Nikamwambia aketi. Nikammiminia kahawa. Akaanza kusema doña Nidia, tafadhali, nami nikamwambia si kijana ameinuka, haraka ya nini, ngoja nimalize hizi zilizobaki. Akainamisha kichwa, akanywa kahawa ya moto kama dawa. Hakuwa na moyo wa kuniambia, nami nilijua hana, nikautumia woga wake. Nilifunga zote. Nikaziweka chunguni. Nikanawa, nikabadili gauni, nikachana nywele mbele ya kioo, na redio ikiendelea.

Unaniuliza kwa nini. Kwa sababu pale jikoni Yader alikuwa amesimama. Baba yake alikuwa amenisimamishia, na watu wote wale walikuwa wamemshikilia. Nikivuka kizingiti ataanguka. Niliogopa, Melba. Ni woga tu, sina jina lingine la kuupa. Na wakati mimi nachana nywele, yeye alikuwa anauliza mama yuko wapi.

Nimemwambia Evenor gari lilichelewa, na kwamba nilikuwa nimeamini kila neno. Don Wilfredo anajua si hivyo, lakini hatasema. Kila nikifungua mdomo nimwambie kweli, naona atakavyonitazama, naufunga. Nisipomwambia, ataacha kazi pekee anayoijua kwa ajili ya kosa langu. Nikimwambia, sijui tutaketije wawili kando ya kitanda cha Yader, kila mmoja upande wake. Wewe ulikuwa na jibu la kila kitu tangu tukiwa wadogo, hata kama lilikuwa jibu la kuudhi. Nitafutie moja.

Wasalimie watoto, mwambie yule mdogo kwamba mama yake mdogo wa Estelí anamkumbuka na ule wimbo wake wa bata. Kama tajiri wako ana utu akupe ruhusa, uje. Usilete chochote, njoo wewe. Chepita anakusalimu, anasema yeye ndiye aliyeuza zile nacatamal na hakuna iliyorudi.

Namalizia hapa kwa sababu karatasi inakwisha na Evenor ameanza tena. Nesi alimwambia huenda kijana anasikia, basi tangu Jumatatu ameketi kichwani pa kitanda anamwambia matokeo, pole pole, kwa ile sauti yake ya kazini, kila baada ya muda mfupi, ili Yader akizinduka wakati wowote asijione mgeni. Hadanganyi tena. Anamwambia ni Jumatano, asubuhi, tuko Managua. Anamwambia ulipigwa na mpira, umepasuliwa, na mwishoni tulifungwa nne kwa tatu. Anamwambia mama yako yupo hapa dirishani, na kwamba hakuwahi kukukuta ukimwita kwa sababu baba yako alimdanganya. Kisha ananyamaza kiasi cha kumeza mate, anaanza upya. Ameyasema hayo sasa hivi tena, nami naandika huku nimempa mgongo.

Mdogo wako akupendaye,
Nidia